Maharage, Mayai na Lenzi Ndefu

Mume wangu alistaafu ualimu wa fizikia akarudi nyumbani na vitu viwili: kiinua mgongo na furukombe. Kiinua mgongo tulikigawa mapema kabla hakijazoea benki: ada ya Neema chuoni, mabati ya nyumba ya uani, na simtanki ya lita 5,000, maana bomba letu hapa Tengeru hutoa maji linapojisikia. Furukombe ndiye aliyeshindikana kugawika. Huyo anakaa Ziwa Duluti, mwendo mfupi wa miguu kutoka kwetu, juu ya mti mrefu uliokauka kileleni, na asubuhi akipiga ukelele wake Baba Neema huacha chai mezani akatoka na kandambili.

Mwanzoni alimpiga picha kwa simu. Picha hiyo nilionyeshwa mpaka nikaikariri: maji, msitu, na juu kabisa kidoa cheupe ambacho niliapiwa kuwa ni kichwa cha ndege. Ukikikuza kinageuka miraba mitupu.

"Hapa inatakiwa lenzi ndefu," akasema.

Mimi ni fundi cherehani, na ndiye mweka hazina wa nyumba hii. Mtu akitamka "inatakiwa" mbele yangu, mkono huenda wenyewe kwenye daftari.

Neema alikuwa likizo. Akasikia habari ya lenzi, akatia neno. "Basi iwe mirolesi, Baba. DSLR zimepitwa." Sasa mtu aliyefundisha mwanga na vioo tangu ujana wake haambiwi hivi hivi kwamba kioo kimepitwa. Akaweka kikombe chini. Akamwomba mama yake, yaani mama mkwe wangu, amletee kile kioo chake cha mkononi, na somo likaanza pale pale barazani.

Ndani ya DSLR, alieleza, kuna kioo kidogo kilicholala nyuzi 45 nyuma ya lenzi. Mwanga unaingia, unakigonga, unapanda juu, unageuzwageuzwa na kuja jichoni kwa mpigaji. Unachokiona kwenye kitundu ni ndege mwenyewe, mwanga wake halisi, bila kupitia umeme wowote. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu, shata inafunguka, mwanga unaangukia sensa, picha inapatikana, kioo kinarudi mahali pake.

"Na kikiruka juu unaona nini?" Bibi akauliza.

"Kwa wakati ule huoni kitu, Mama. Ni kufumba na kufumbua."

"Yaani saa ya kupiga ndiyo saa ya upofu?"

Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Mirolesi, akadakia, imeondoa hicho kioo. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa, na pale unapochungulia kuna skrini ndogo inayokuonyesha kile sensa inachokiona. Lumix G1 ya Panasonic ilitoka mwaka 2008, watu wakaiona kama mchezo. Mwaka 2018 Canon walipoleta EOS R na Nikon wakaleta Z, mchezo ukawa kazi. Kamera kubwa za mwisho zenye kioo za kampuni hizo mbili, 1D X Mark III na D6, zote ni za 2020. Lenzi mpya sasa zinatengenezewa mirolesi.

"Na ndiyo maana za kioo zimeshuka bei!" Baba Neema akajibu. "Mtu anayehama nyumba huuza kabati kwa hasara. Kabati lenyewe lina ubaya gani?"

Nikaandika kwenye daftari: *kabati halina ubaya.* Hoja hiyo niliipenda, na bado naipenda.

Yangeishia kwenye maneno, lakini ilikuwa masika. Masika madereva wa watalii wa Arusha wanakuwa nyumbani, na Elibariki, mtoto wa shemeji yangu, hana anachofanya isipokuwa kuja kula kwetu. Yeye ana Canon 7D Mark II, kamera ya 2014 yenye kioo, na lenzi ya 150-600 aliyoinunua kwa mgeni wake mmoja. Kwa mwenzake wa kazi aliazima Canon R7, mirolesi ya 2022, ikiwa na lenzi ya 100-400. Akazileta zote kwenye begi moja akazitandaza juu ya meza yangu ya kukatia nguo, katikati ya sare za kwaya.

"Shikamoo Mama mkubwa. Baba mkubwa achague mwenyewe, mimi sitaki kesi."

Jambo la kwanza walilofanya ni kuzipeleka kwenye mizani ya duka la jirani, ile ya kupimia sukari. Ya kioo na lenzi yake ilikaribia kilo tatu. Ya mirolesi, aliyoichukua Neema, ilisimama kwenye kilo moja na robo kamili. Mwenye duka aliuliza kama tunauza kwa kilo. Baba Neema alirudi nayo begani ile nzito, kifua mbele, akisema uzito ni dalili ya kitu.

Mazoezi yalianzia uani kwa kuku wa Bibi, kwa kuwa ndio ndege waliokuwa karibu na hawalipiwi kiingilio. Hapo niliona jambo ambalo sitalisahau. Neema alinipa nichungulie. Jogoo alikuwa anapita nyuma ya ndoo, na ndani ya kile kiskrini kijisanduku kikatokea chenyewe juu ya jicho lake. Jogoo akageuka, kijisanduku kikageuka naye. Akainama kudonoa, kikainama. Akapotea nyuma ya ndoo, kikapotea. Alipotokeza kichwa upande wa pili kikawa kimeshakaa juu ya jicho. Kamera imefundishwa kutambua watu, mbwa, paka, ndege na hata magari, ikaachiwa itafute macho yenyewe. Baba Neema, kwa upande wake, alikuwa na vituo 65 vya kulengea vilivyopangwa katikati ya kitundu chake, na ilimlazimu yeye mwenyewe kuhakikisha jogoo anabaki ndani ya vituo hivyo. Jogoo hakuwa na ushirikiano.

Kisha akabonyeza na kushikilia. Kamera ile hupiga picha 10 kwa sekunde, na kila moja kioo kinapanda na kushuka. Mlio wake ni mkali, mkavu, unaofuatana bila kupumua. Chini ya dirisha la jiko kulikuwa na mtetea wa Bibi anaatamia. Sikumwona akitoka, niliona manyoya tu. Alipaa akapita juu ya kamba ya nguo, akatua kwa jirani, na hakurudi mpaka giza lilipoingia, mvua ikiwa imeshanyesha na mayai yameshapoa.

"Mayai kumi na matatu," Bibi alisema wakati wa chakula, bila kumtazama mtu. "Kumi na matatu, na yote yalikuwa na uhai. Nilishayaangalia kwa tochi."

"Yangu haina sauti kabisa, Bibi," Neema akasema kwa upole wa mtu anayechochea kuni.

Elibariki akakohoa. Akatuarifu kwamba hata ile ya kioo ina mpangilio wa kupiga kimya kimya, polepole kidogo. Ni suala la kugeuza kitufe tu. Mume wangu alimtazama kwa muda mrefu. Taarifa hiyo ilikuwa imechelewa kwa mayai kumi na matatu.

Siku iliyofuata nikaenda stoo kuchukua maharage ya makande. Mahindi yalikuwepo. Maharage hayakuwepo. Nilimuuliza Bibi, nikamuuliza msichana wa kazi, nikakagua mtungi wa mchele. Nikayakuta barazani. Yalikuwa ndani ya mguu wa suruali ya shule ya zamani, umekatwa gotini na kushonwa ncha zote mbili kwa uzi wa kijani, uzi wangu wa sare za kwaya, kwa mishono mirefu ya mtu asiyejua kushona. Juu yake imelala ile lenzi, imetulia kama mgeni wa heshima.

Elibariki alijitetea. Madereva wote wa porini wanafanya hivyo, alisema. Ndani ya gari stendi ya miguu mitatu haina pa kusimama, kwa hiyo unaweka mfuko wa maharage kwenye dirisha na lenzi inajichimbia humo. Sababu yake nimeielewa, sikatai. Lenzi ikiwa ndefu inakuza ndege, lakini inakuza na mtetemo wa mkono wako kwa kipimo kile kile. Wapiga picha wa zamani walikuwa na kanuni: ukiwa na lenzi ya milimita 500, shata isichelewe zaidi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde. Na kwa kuwa sensa za kamera hizi mbili ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, milimita 600 inakuwa na upeo wa milimita 960, basi unatakiwa kukimbilia sehemu moja ya elfu. Kukiwa na mawingu ya masika mwanga huo hupati. Hapo ndipo maharage yanapoingia.

Hayo yote sawa. Siku hiyo tulikula ugali na mchicha.

Tatizo la picha zake likabaki lile lile. Ndege aliyetulia, mfuko wa maharage, shata ya kasi, na bado jicho lilikuwa na ukungu huku majani ya nyuma yametoka safi kabisa. Baba Neema hakulala. Asubuhi nikamkuta ameegemeza meza yangu ya kupigia pasi kwenye mwembe, ameibandika futi yangu juu yake kwa gundi ya karatasi, na yeye amekaa mwisho wa baraza akiilenga. Ndani kwangu alikuwa amekaa mama mmoja wa kwaya, mikono ameinyoosha pembeni, anasubiri kupimwa kifua.

"Baba Neema, naomba futi."

"Subiri, Mama Neema. Nalenga sentimita 30, inatoka kali 34."

Nikampima yule mama kwa kamba ya katani, tukahesabu mafundo.

Na kusema kweli alikuwa kwenye jambo la maana. Kwenye DSLR sensa ya kupigia picha haijui kulenga wakati unapochungulia, kwa sababu imezibwa na kioo. Kazi ya kulenga inafanywa na kifaa kingine kilichofichwa chini ya sakafu ya kamera, kinachopelekewa mwanga kidogo na kioo cha pili kilicho nyuma ya kile kikubwa. Njia hizo mbili za mwanga zinatakiwa ziwe na urefu ule ule hasa. Zikitofautiana unywele mmoja, kwa lenzi fupi hutaona. Kwa lenzi ya milimita 600, ambayo eneo lake lenye ukali ni jembamba sana, jicho la ndege linakosa na jani linapata. Huo si ubovu wa kamera wala wa lenzi. Ni vitu viwili vilivyotengenezwa mbalimbali ambavyo havijazoeana, na ndani ya menyu kuna mahali pa kuvisuluhisha, namba moja kwa upande mfupi wa lenzi na nyingine kwa upande mrefu. Ndicho alichokuwa anafanya kwa futi yangu: piga, soma alama, sogeza namba, piga tena.

Mirolesi inalenga kwa sensa ile ile inayopiga picha. Hakuna njia ya pili ya kupimwa. Neema alilisema hilo akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, na ilikuwa mara ya kwanza kwa moyo wangu kuegemea upande wake, maana naona alichokuwa anakitetea ni futi.

Jumamosi tukaenda wote Duluti. Mimi nilibeba chupa ya chai na mihogo. Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado juu ya maji, minandi wamejipanga kwenye gogo wakikausha mabawa, na mdiria wa madoadoa meusi na meupe alikuwa amesimama hewani juu ya ziwa, kichwa kimetulia, mabawa hayaonekani kwa kasi, halafu puu, majini. Neema aliwasha shata ya kielektroniki ili asimtishe, picha 30 kwa sekunde, kimya. Alipozifungua, mdiria alikuwa na mabawa yaliyopinda vibaya, moja refu kuliko jingine. Baba yake alifurahi waziwazi. Sensa ya namna hiyo, akaeleza kwa sauti ya darasani, inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na bawa linapokimbia, mstari wa mwisho unalikuta limeshahama. Kamera za bei kubwa husoma haraka sana. Nikon Z9 ya 2021 imeacha kabisa shata ya chuma. "Lakini hiyo si Z9, mwanangu." Neema akarudi kwenye shata ya chuma, picha 15 kwa sekunde, na mabawa yakanyooka. Mdiria hakushtuka wala nini.

Furukombe alikuwa juu ya mti wake, na nyuma yake mbingu nyeupe. Picha za mwanzo za Baba Neema zikatoka na ndege mweusi kabisa, kichwa cheusi, kifua cheusi, kama amekatwa kwa karatasi. Kitundu chake kilimwonyesha ndege halisi, ndiyo, lakini hakikumwonyesha picha itakavyokuwa. Ilimbidi apige, ashushe kamera, aangalie, aongeze mwanga, apandishe kamera. Neema aliona giza kwenye skrini kabla hajabonyeza, akazungusha gurudumu mpaka manyoya meupe ya kifua yakaonekana, ndipo akapiga. Kwa kazi ya ndege wa angani, hili mimi ningelitaja kabla ya kile kijisanduku cha macho.

Ila kuna deni lake. Skrini ile inakula betri muda wote unapochungulia, hata usipopiga kitu, na usiku uliotangulia umeme ulikatika betri zikiwa hazijashiba. Furukombe alijikunja mabega, dalili ya kutaka kuruka. Skrini ya Neema ikazimika.

Kamera hizo mbili zinatumia betri za ukoo mmoja. Ya 7D inaingia kwenye R7 bila ubishi. Sote tulilijua hilo, maana Elibariki alishalisema. Ya Baba Neema ilikuwa bado na nusu, kwa kuwa kutazama kwenye kioo hakuli umeme wa kuhesabika.

"Baba," Neema akasema, "naomba betri yako."

Nilitegemea hotuba. Mume wangu alifungua mlango wa betri, akaitoa, akampa. Tena haraka. Furukombe akashuka, miguu mbele, akachota samaki, akapanda, na Neema akampiga mwanzo hadi mwisho.

Mtu aliyepigania kioo kutoka jikoni hadi kitandani haachii kirahisi namna ile. Nikamtazama. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, kamera imelala mapajani, na chupa ya chai ameinyanyua kwa mkono wa kushoto. Mume wangu si wa mashoto.

Jioni umeme ulikuwepo. Picha zikawekwa kwenye televisheni ya sebuleni, na Bibi akakalia kiti cha katikati kama mzee wa baraza. Za mchana ndizo zilizotangulia: zile walizopiga ng'ambo ya ziwa kwa kupokezana betri, jua lilipotoka na kuchoma. Zote zilikuwa zimevimba na kuyeyuka kingo, za baba na za binti, na kila mmoja akailaumu kamera ya mwenzake. Kumbe ni hewa. Ardhi iliyolowa ikipigwa jua inatoa hewa ya moto inayopanda na kupindisha mwanga, na ukiwa mbali hakuna kamera itakayokusaidia, iwe na kioo au isiwe nacho. Dawa yake ni kusogea karibu au kuamka mapema.

Kisha za asubuhi. Kwa ndege aliyetulia, mwanga mzuri, nilisogea mpaka karibu na kioo cha televisheni na macho yangu ya kukagua mishono, na sikuweza kusema kwa uhakika ipi ni ya nani. Hilo lilimsumbua Baba Neema, kwa kuwa yeye alikuwa na milimita 600 na Neema 400. Akachukua kitabu changu cha risiti, akageuza nyuma, akapiga hesabu. Kamera ya kioo ina pikseli 5,472 kwa upana, mirolesi 6,960, na sensa zao zinakaribiana ukubwa. Mara 600 huku, mara 400 kule. Ndege wa Neema alikuwa na pikseli pungufu kwa kama asilimia 15 tu. Pikseli nyingi zilikuwa zimefidia ufupi wa lenzi. Akaangalia jibu, akalipigia mstari, akalisoma kwa sauti ingawa lilikuwa dhidi yake. Mwalimu ni mwalimu.

Alikotamba ni kivulini. Chini ya miti ya kando ya ziwa lenzi yake ilifunguka mpaka f/6.3, ya Neema inaishia f/8, na picha za kivulini za Neema zilikuwa na chenga chenga. Kwa ndege wa kuruka, hata hivyo, ukali wa baba ulikuwa wa kubahatisha, wa binti ulikuwa mfululizo.

Basi nikafungua daftari. Nikasema, anayetaka ndege aliyetulia, ana fedha kidogo na mabega ya kijana, anunue ya kioo iliyotumika leo leo, aweke akiba yote kwenye lenzi, na asione haya. Lenzi za Canon zinazoingia kwenye kamera hizo zimekuwa zikitengenezwa tangu 1987. Zipo tele mikononi mwa watu, na siku akihamia mirolesi zitaingia kwa adapta. Mume wangu akatabasamu, akadhani kesi ameshinda.

"Mabega ya nani?" Bibi akauliza.

Kimya.

"Dawa yangu ya kuchua imeisha. Chupa nzima. Mimi magoti yangu siyapaki usiku wa manane nikijificha bafuni. Huyu bega linamuuma tangu Elibariki alete hilo bomba."

Baba Neema alijaribu kusema ni baridi ya masika. Nikamwambia anyanyue ile kamera kwa mkono wa kulia, aishike usoni kama anamngoja furukombe. Aliinyanyua. Aliishika muda wa kuvuta pumzi, mdomo ukambana, akaiweka chini taratibu juu ya maharage yangu.

Elibariki, kijana mwenye huruma, akataja lenzi ya zamani ya Canon ya milimita 400, f/5.6, ya mwaka 1993, nyepesi kuliko ile, inayopendwa na watu wa ndege. Nikamuuliza kama inazuia mtetemo. Haizuii. Nikamuuliza kama yale maharage yatarudi jikoni. Hakujibu.

Kwa bei ya dukani Marekani R7 ilipotoka ilikuwa dola 1,499 bila lenzi, na lenzi ile nyepesi 649 ilipotoka mwaka 2021. Kabla hujaongeza usafiri na ushuru, hiyo ilikuwa simtanki na sehemu ya paa. Lakini mwenzake Elibariki alikuwa anataka kuhamia kamera yenye sensa kubwa, akakubali kutuachia yake kwa bei ya udugu. Nikakata simtanki kutoka lita 5,000 hadi 2,000. Mabati sikuyagusa. Nikatenga fedha ya betri ya pili, kwa sababu nilikuwepo Duluti. Bibi akalipwa mitetea wawili, akataka na jogoo, akapewa. Ile ya kioo ikarudi kwa Elibariki, ambaye ana miaka ishirini na nane na dirisha la Land Cruiser la kuiegemeza.

Neema alirudi chuoni akiwa mshindi, na nyuma yake baba yake akawa anashika mirolesi kila asubuhi, huku akilalamika kwamba ukiizima huoni kitu, wakati kioo cha watu huonyesha dunia hata bila betri. Malalamiko hayo nayaheshimu. Anayatoa kwa mkono wa kulia.

Wiki chache baadaye akaja kwenye cherehani, amesimama vile anavyosimama mtu mwenye neno. Ule mdomo mweusi unaovalishwa mbele ya lenzi kuzuia jua la pembeni, akasema, kwa lenzi hii unauzwa peke yake. Asubuhi jua likitokea pembeni, picha zinapauka. Inatakiwa...

Sikumngoja amalize. Nilichukua futi, nikaizungusha kwenye lenzi. Ukubwa wa fileta yake umeandikwa milimita 67, lakini mimi nilitaka mzunguko wa nje. Nikakata kadibodi ngumu, ndani nikaipaka gundi na kuivisha kitambaa cheusi cha bitana ya koti kisichong'aa, nje nikashona lastiki iishike isidondoke majini. Aliijaribu pale pale mlangoni, akamlenga jogoo mpya wa Bibi, akasema jua halijaingia kabisa.

Nikamwandikia risiti: kadibodi bure, kitambaa bure, ufundi shilingi 5,000. Akauliza kama anaweza kulipa kwa awamu.